Eksi Niliyoifuta kwa Raba

Jumapili, tarehe kumi na tisa. Mawingu yalitanda upande wa baharini tangu alfajiri, tukadhani leo itanyesha, lakini kufika saa nne jua lilikuwa limeyala yote na vumbi la Garsen likaanza kupanda.

Nimekosa. Naanza hapo hapo, kwa sababu nikizunguka nitapata njia ya kujitetea, na mimi najijua.

Nilimvunjia mwanamke nyumba yake kwa raba. Si kwa ngumi, si kwa panga, si kwa uchawi. Raba! Ile ya kufutia penseli, ya watoto wa shule.

Jina langu sitalitaja, na yeye nitamwita Zahara, ambalo si jina lake. Wa Garsen mtatujua tu. Basi mtujue.

Mimi ni fundi wa maandishi. Ukipita hapa mjini ukaona bucha imechorwa ng'ombe anayecheka, au kinyozi amechorewa vichwa vitatu vya vijana watanashati, jua ni mkono wangu. Shule niliachia darasa la saba. Baba yangu ni Mgiriama, alitoka kusini akaja kulima huku delta kabla sijazaliwa, kwa hiyo mimi si Mpokomo wala si Muorma. Ugomvi wao wa mashamba na malisho niliukuta. Nilikuwa nasema kwa maringo, mimi simo. We acha tu, utaona nilivyokuwamo.

Miaka mingi nilifanya kazi kwa Mzee Swaleh, mtu wa Kipini, mwenye duka la mabango na fulana karibu na stendi. Kazi ilikuwa yangu peke yangu. Kisha Mzee akamleta Zahara, msichana wa Kipokomo kutoka Chara, ameolewa hapa Garsen, amesomea uchoraji wa matangazo huko Mombasa.

Siku ya kwanza nilisimama nyuma yake nimngoje awashe kompyuta, nione hayo maajabu ya chuo. Hakuiwasha! Alitoa daftari na penseli, akagawa ukurasa visanduku vidogo vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, akaanza kuchora ndani yake. Haraka haraka, vibaya vibaya. Mbuzi kama kiti. Mtu kama uma.

"Dada," nikamwambia, na wateja wawili wamesimama pale, "huko Mombasa ulisomea chekechea?"

Wateja wakacheka. Yeye pia alicheka, kidogo.

"Fundi, wazo la kwanza kuja ni la kila mtu," akasema. "La pili pia. Mimi nayatoa yote, hata ya kijinga, hata mabaya. Yakikaa kichwani yanaziba mlango, mazuri hayapiti."

"Na ukifa leo, watu wakute uchafu huo?"

"Watakuta eksi. Lisilofaa nalipiga eksi."

Mimi nilikuwa nachora papo hapo ukutani, mara moja, basi. Nilijisifu kwamba sifuti. Lakini niseme kweli, wiki ya pili wateja walianza kumuuliza yeye. Mwenye duka la dawa alimjia yeye. Msikiti ulitaka bango, wakamwita yeye. Nembo zake zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo juu ya hilo. Ukiziona unasema, kumbe ndivyo ilivyotakiwa kuwa siku zote.

Na nijipe haki yangu kidogo, kama ipo. Siku moja alinisahihisha mbele ya mteja. Nilikuwa nimeandika bango la hoteli, akasema, "Fundi, herufi zimebanana mwishoni kama watu wamekimbilia mvua." Mteja akacheka mpaka akakaa chini. Zahara alisema kweli, herufi zilikuwa zimebanana. Lakini kile kicheko nilienda nacho nyumbani. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikasema kichwa.

Sijui kama hiyo ndiyo sababu. Nimejiuliza mara nyingi. Labda naitafuta sababu ili nisiwe mbaya bure.

Sasa likaja kundi la kina mama. Hili ndilo jambo lenyewe.

Ni kina mama nusu Wapokomo, wenye mpunga, na nusu Waorma, wenye maziwa. Kuwaona wamekaa mkeka mmoja si jambo dogo hapa kwetu. Kuna miaka walikuwa hawapeani hata moto wa jikoni. Sasa waliamua kuuza pamoja, mchele na maziwa, jina moja, na walitaka nembo ya kubandika kwenye mifuko na chupa. Mwenyekiti alikuwa mama wa Kipokomo, Mama Komora, mtu wa maneno mengi na kicheko. Naibu wake alikuwa Mama Guyo, Muorma, mzee kidogo, haongei sana.

Mama Guyo ndiye mama mkwe wa Zahara.

Zahara aliniambia mwenyewe. Alinihadithia kama kaka yake, jamani! Tulikuwa tunakunywa chai ya saa nne. Akasema Guyo alimwoa kwa kumpenda, na mama hakukataa, lakini hakukubali pia. Wamekaa boma moja miaka sita, wana mtoto wa kike wa miaka mitano, na mama mkwe hajawahi kumwita kwa jina.

"Ananiita 'ile ya mpunga'," akasema. "'Mwambie ile ya mpunga alete maji.' Mimi nimekaa hapo hapo, Fundi, nasikia."

"Amezoea tu," nikasema.

"Amechagua mwenyewe kazi ije kwetu. Alimwambia Mama Komora, 'Msichana wa kwangu anachora.' Wa kwangu! Nikiitoa nembo ikampendeza, labda ataniita jina." Akacheka, akafuta jicho. "Usinicheke."

Sikumcheka. Niliweka akiba.

Alichora siku tatu. Kurasa juu ya kurasa. Mimi nilijifanya nasafisha brashi, nikachungulia. Kwenye ukurasa wa kwanza, kisanduku cha tatu, nikaona kitu kikanisimamisha. Ng'ombe ameingia shambani, mdomo umezama kwenye mpunga, na mwanamke nyuma yake ameinua fimbo. Ulikuwa mchoro wa haraka tu, lakini ulikuwa hai. Ungeweza kusikia yule mwanamke akipiga kelele. Juu yake eksi kubwa, kona hadi kona.

"Hii ni nini, Zahara?"

"Hiyo ilikuwa lazima itoke," akasema bila kuinua macho. "Ndiyo kitu cha kwanza kinachokuja kichwani mwa kila mtu huku, ukisema ng'ombe na mpunga. Nimeitoa, nimeipiga eksi. Sasa nafanya kazi."

Alikuwa sawa. Hata mimi ndicho nilichokiona kichwani, na mimi sina ng'ombe wala mpunga.

Alhamisi kina mama walitakiwa kuja saa tano. Wakapata lori, wakafika saa tatu, wanane. Mzee Swaleh alikuwa ameenda Malindi kununua wino. Zahara alikuwa amempeleka mtoto kliniki, alisema atarudi kabla ya saa tano. Daftari lilikuwa juu ya meza.

"Tutasubiri," akasema Mama Komora. "Sisi tumesubiri mvua, tutashindwa na msichana?"

Ningewaagizia chai. Kitu kidogo kama hicho! Chai nane za maziwa, na leo nisingekuwa naandika haya.

Nikasema, "Msikae bure, kina mama. Ngojeni niwaonyeshe kazi ilipofikia."

Nikaingia chumba cha nyuma na daftari. Raba ilikuwa yake, imefungwa uzi kwenye penseli. Nilifuta ile eksi. Ilichukua muda mfupi kuliko huu ninaoutumia kuieleza. Raba ikala na mgongo wa ng'ombe kidogo, nikachukua penseli nikaurudishia. Mkono wangu ulikuwa mtulivu. Nilipuliza makombo ya raba. Nakumbuka nilipuliza mara mbili, kama fundi anayependa kazi safi.

Usiniulize kama nilijua kitakachotokea. Nilijua nusu. Nilijua wataudhika. Nilijua ataaibika. Nilitaka aaibike mbele ya watu kama mimi nilivyoaibika, na nilitaka iwe kubwa zaidi ya yangu. Hiyo nusu nyingine sikuitazama.

Nikaliweka daftari mbele yao, limefunguliwa ukurasa ule ule.

Walicheka kwanza. Vile visanduku vilikuwa vinachekesha. "Huyu ng'ombe ama kochi?" akasema mmoja. Kisha kidole cha Mama Komora kikafika kisanduku cha tatu, na kicheko chake kikakatika.

Wakaangaliana. Wapokomo walitazama chini. Mmoja wao, nilimwona, aliziba mdomo, na si kwa huzuni. Waorma wakaomba kuona. Daftari likapita mkono kwa mkono mpaka kwa Mama Guyo.

Alilishika mbali kidogo, kisha karibu.

"Fundi," akasema polepole, "hii nani nachora?"

"Ni kazi ya Zahara, Mama."

"Hii ng'ombe ni ya nani?"

Nikajifanya napanga brashi.

"Mimi nauliza wewe. Hii ng'ombe nakula shamba, ni ya nani?"

"Sijui, Mama. Mimi naonyesha tu kazi."

"Mimi najua," akasema. "Ni yangu."

Niseme kwa haki: mama huyu katika ile miaka mibaya alikatiwa ng'ombe kwa mapanga, na ng'ombe mmoja alikufa amelala mbele ya mlango wake. Mji mzima unajua. Mimi nilijua.

Hapo ndipo Zahara akaingia. Mtoto kamweka kiunoni, kadi ya kliniki mkononi, anahema. "Mama, mmefika mapema! Shikamoo, Mama Komora. Shikamooni wote." Hakuna aliyeitikia. Akaona daftari.

"Hapana," akasema. "Hiyo si yenyewe. Hiyo nimeikataa. Geuzeni nyuma, iko nzuri nyuma."

"Imeandikwa wapi umeikataa?" akauliza Mama Komora.

"Ina eksi! Nimeipiga..." Akalichukua daftari. Akatazama. Nyie, sura ile! Alikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta ukuta mmoja haupo.

"Fundi," akaniambia. "Ilikuwa na eksi. Uliiona. Waambie."

Wote wakanigeukia. Mtoto naye.

Nikasema, "Mimi habari ya eksi siijui."

Maneno hayo. Raba ilikuwa ujinga wa dakika moja, lakini maneno hayo niliyasema nikimtazama machoni.

Alilipeleka daftari mlangoni kwenye mwanga, akalilaza upande. "Angalieni, penseli imeacha mfereji! Mama, pitisha kidole hapa. Utaisikia. Mama, tafadhali, kidole tu."

Ilikuwepo. Hata mimi niliiona pale nilipokuwa, alama nyembamba isiyo na rangi, kona hadi kona. Mama Guyo akapitisha kidole. Vidole vyake ni vya kukamua, vimekuwa vigumu kama ngozi ya kiatu.

"Mimi sisikii kitu," akasema.

Kisha akanyoosha mikono akamchukua mtoto.

Nikisoma daftari langu la kila siku, yale ya Alhamisi ile nimeandika hivi: "Joto kali. Kina mama walikuja. Siku nzuri." Niliandika hivyo. Siku nzuri!

Mmoja wa kina mama alikuwa ameupiga picha ule mchoro kwa simu. Kufikia adhuhuri ulikuwa Hola, kufikia alasiri ulikuwa Chara na Kau. Sasa sikia ubaya ulivyozaa ubaya. Waorma walikasirika, hilo lilitarajiwa. Lakini vijana wa upande wa mashamba waliupenda! Waliuweka kwenye simu zao kama bendera. Walimwandikia, "Dada yetu umesema ukweli, chora ingine." Kila sifa waliyomrushia ilikuwa kuni kwenye boma la mama mkwe wake.

Na vijana wa stendi, wale wasio na upande, walimfanya mchezo. Akipita wanalia kama ng'ombe. "Mmmoo! Sister, ng'ombe ameingia shamba, leta fimbo!" Nilikuwa juu ya ngazi siku moja napaka ukuta, nikamwona anapita kati yao. Hakukimbia. Alitembea, na wao wakamfuata wakilia moo mpaka kwenye kona. Mmoja akapaza sauti kwangu, "Fundi, huyu si alikuwa mwalimu wako?"

Nilicheka. Andika hilo pia. Nilicheka nikiwa juu ya ngazi.

Kundi lilikaa kikao, likasema nembo itachorwa na mtu mwingine. Wazee wa pande zote mbili walikutana mara mbili kutuliza vijana, na walitulia, Mungu ni mwema. Guyo, mumewe, alivumilia mwezi mzima, nimpe haki yake. Mama yake hakumgombeza, hakumfukuza mkewe, aliacha tu kula kilichopikwa na Zahara. Basi. Mwezi mzima mama hali chakula cha mkwe wake. Mwanamume gani wa boma lile atavumilia zaidi ya hapo? Akatoa talaka. Mtoto akabaki kwa bibi. Zahara akarudi Chara kwa mama yake na begi moja, na daftari aliliacha dukani juu ya meza, hakutaka hata kuligusa.

Kazi ikarudi kwangu. Si ndiyo niliyoitaka?

Nikakaa kuchora nembo ya kina mama. Nikachora ng'ombe anayecheka. Mama Komora akasema, "Fundi, huyu si wa bucha?" Nikachora gunia na ndoo. Nikachora mikono miwili imeshikana, akasema hiyo iko kila mahali. Siku nne nilikaa mbele ya karatasi tupu. Kila kilichonijia nilikiogopa: huyu atasema nini, yule atasema nini. Nilikuwa nimeona mchoro mmoja wa haraka ulivyommaliza mtu, na mimi ndiye niliyefundisha mji mzima kusoma michoro hivyo.

Siku ya tano nikafungua daftari lake.

Nilianza ukurasa wa kwanza, sikurukia mwisho. Kisanduku cha tatu, yule ng'ombe na mwanamke mwenye fimbo. Cha nane, mwanamke hayupo tena, amebaki ng'ombe na mpunga. Cha kumi na mbili, kichwa tu, kimeinama. Cha kumi na tano, pembe na shuke la mpunga, vimepakana. Cha kumi na tisa, nyuma ya karatasi, pembe zenyewe zimegeuka kuwa mashuke mawili ya mpunga, yamejikunja kwenda juu kama bakuli, na katikati tone moja la maziwa.

Nilikaa nikatazama mpaka macho yakauma.

Nembo ilikuwa imetoka kwenye yule ng'ombe mbaya. Ile hasira yote ya miaka mingi aliitoa kwenye kisanduku, akaipiga eksi, kisha akaiongoza hatua kwa hatua mpaka pembe na mpunga vikawa kitu kimoja. Kumbe alikuwa amewapatanisha kwenye karatasi ile ile! Wangegeuza karatasi moja tu, jamani. Moja!

Na mimi nilifanya nini? Niliinakili. Nikaipaka rangi, nikaipeleka kwa kina mama, nikasema ni yangu. Mama Guyo aliishika mbali, kisha karibu, akatikisa kichwa kukubali. "Hii nzuri," akasema. "Hii mtu nachora kwa roho safi."

Sasa iko kwenye kila chupa na kila mfuko. Nikienda dukani kununua maziwa ya watoto, naipokea kwa mikono miwili.

Karibu mwaka nilikaa na siri hii. Sikuwa mgonjwa, sikukonda, msidhani. Kitu kilichoniharibikia ni mkono. Mstari ambao zamani niliupiga mara moja ukutani, sasa unatetemeka katikati. Nilianza kupima kwa kamba, kufuta, kurudia. Mzee Swaleh akaniuliza, nikamwambia yote. Hakunipigia kelele. Alizifunga brashi zangu kwenye gazeti, akanikabidhi. "Toka, mwanangu," akasema. "Na usinisalimu njiani." Sasa napaka kuta vijijini, pale wasiponijua.

Juzi nikaenda kwa Mama Guyo. Nilimkuta anasafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi. Nikasema yote, nimesimama. Raba, eksi, uongo, hata nembo.

Hakushtuka. Aliendelea kukitikisa kibuyu.

"Ile eksi wewe nafuta."

"Ndiyo, Mama. Na mgongo wa ng'ombe nilirudishia mimi."

"Na mdomo? Ule mdomo ndani ya mpunga, nani nachora?"

Ningeweza kudanganya kwa ajili ya Zahara. Nimeshadanganya kwa sababu mbaya kuliko hiyo. Lakini nilikuwa nimejiapiza kusema kweli tupu, na kweli ikanitoka.

"Yeye, Mama. Lakini alikuwa anatoa tu yaliyo kichwani, ndiyo njia yao ya kufanya..."

"Basi," akasema. "Mgongo yako, mdomo yake. Kunywa maziwa uende."

Nikanywa. Mtoto alikuja kuchungulia mlangoni, akanicheka, akakimbia.

Leo asubuhi nikaenda Chara. Bodaboda mpaka njia ilipoishia, kisha mtumbwi. Zahara alikuwa uani anapukuchua mahindi. Amekonda, lakini si sana, nisiongeze chumvi. Mama yake alinipa kigoda akaingia ndani.

Nikaungama. Alisikiliza huku anapukuchua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nisamehe, dada."

"Mimi nilijua siku ile ile, Fundi. Makombo ya raba yalikuwa kwenye shati lako." Akachukua hindi lingine. "Nilidhani mwenyewe utasema kabla sijafika mlangoni. Kisha nikadhani kesho. Nilikupa wiki nzima kichwani mwangu."

"Unachora siku hizi?"

"Nikishika penseli natafuta kwanza wazo lisilo na ubaya. Halipo. Basi naiweka chini."

Nikamwambia nimepita kwa Mama Guyo, na alivyojibu. Hakuuliza zaidi juu ya hilo. Mikono ikasimama.

"Ulimwona mtoto?"

"Nilimwona."

"Amekua?"

"Amekua. Ameng'oka jino."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Jino? Lipi, la juu au la chini?"

"La chini. La mbele."

Alitia kidole mdomoni, akagusa la kwake mwenyewe la chini, akakiacha pale. Mimi, mimi niliyefanya yote haya, nimeliona pengo lile, na mama yake hajaliona!

"Ondoka, Fundi," akasema. "Usirudi kunipa habari za mwanangu."

Nikaondoka.

Ndugu yangu unayesoma, karatasi ya mtu anayefikiria usiiguse. Awe fundi, awe mwandishi, awe mtoto wako na penseli yake. Kilichomo bado si neno lake, ni vita yake na maneno. Ukikitoa nje kabla hajamaliza umemshuhudia uongo, hata kama kila mstari ni wa mkono wake. Na ukiwa na kijicho, nenda kamwambie mtu usoni kwamba una kijicho. Utaaibika siku moja. Mimi ningeaibika siku moja.

Wala msidhani kuungama kunarudisha kitu. Nimeungama mara tatu sasa, na hii ya nne, na mtoto yuko kule, mama yuko kule.

Jioni hii tumekula sima, kambare wa mchuzi na mchicha. Nilipokaa nilidhani haitapita kooni, kama watu wanavyosemaga. Ilipita. Nilikula nikashiba, na nikaomba mke wangu aniongeze mchuzi.